Mtu wa Ng'ombe wa Dawa

Pikipiki iliiacha lami nyuma ya Kipalapala, ikaingia njia ya mchanga, na mgeni aliyekaa nyuma ya dereva akaacha kuuliza majina ya vijiji kwa sababu vumbi lilimjaa mdomoni. Alikuwa akiifuata njia ya zamani ya misafara, ile ya wapagazi na pembe za ndovu, kutoka Ujiji kwenda pwani. Kila alipolala alipokewa na kelele. Hapa alipokewa na rundo la mavi ya ng'ombe. Lilikuwa refu kumpita, limeota majani mgongoni, na kando yake mabua ya mahindi ya msimu uliopita yalisimama membamba kama njiti.

"Mbolea yote hii, hawaichukui?"

"Hiyo ya ng'ombe wa dawa, mzee," dereva akasema. "Hata bure hawaitaki."

Aliyetoka zizini kumkaribisha aliitwa Masele.

Masele alizaliwa Igunga, katika nyumba ya wafugaji, akaishi huko mpaka ukame ulipowamaliza ng'ombe wao. Alikuja huku kutunza maksai wa majaribio. Walikula nyasi kavu, na juu ya nyasi kila mmoja alipewa pumba kidogo kutoka kwenye ndoo. Daktari Advera, mtafiti kutoka mjini, alitaka kujua kama unga fulani ukichanganywa na pumba unamfanya ng'ombe wa nyama akue upesi. Ndoo zilikuwa mbili, nyekundu na ya buluu, kila moja na maksai wake. Moja ilikuwa na unga, nyingine pumba tupu. Ipi ni ipi, Masele hakuambiwa.

"Mkono una upendeleo, kaka Masele," Advera alimweleza. "Ukijua, utampapasa mmoja kuliko mwenzake."

Masele akakubali. Hakufikiria majirani.

Majirani waliona maksai wasiotoka kwenda malishoni wakinenepa, katika kiangazi ambacho ng'ombe wao walihesabika mbavu. Na katika nchi ile unono haudondoki kutoka mbinguni. Aliyeupata, yupo aliyeupoteza. Advera aliuita unga wake kirutubisho, lakini neno hilo lilifia getini. Watu walisema dawa, na dawa ni neno lenye milango mingi: inaponya homa, inaua kupe, na nyingine hufungwa kiunoni bila kutajwa.

Bernardo, mwenyekiti wa kitongoji, mtu asiyekosa misa, alikwenda kuuliza mwenyewe.

"Ndugu yangu Masele, ndoo ipi ina dawa?"

"Sijui, mwenyekiti."

"Si unawalisha kwa mkono wako?"

"Nawalisha. Sijui."

Bernardo akacheka. "Basi wewe ni mpishi asiyejua chumvi ameitia chungu gani."

"Chumvi inatiwa mjini."

"Na huko mjini ndiko wanakojua unono wa ng'ombe wangu umekwenda wapi?"

Masele angesema nyekundu, angepona. Wangewaogopa wa nyekundu na kuwaacha wa buluu. Lakini sijui, kwa mtu aliyeshika ndoo, ni jibu la anayeficha. Apolinaria, mke wa Bernardo, aliyekuwa akimletea matobolwa, viazi vile vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, akaacha kuleta. Harusini Masele alikaa kwenye benchi, na benchi lote likawa lake. Jioni aliwapigia maksai mluzi wakinywa maji, kama baba yake, akawasimulia kwa Kisukuma mambo ya siku ambayo hayakuwa mengi.

Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu. Alipanda huko kuongea na mkewe, Minza. Hawakuwa tena na cha kuwaweka Igunga. Masele alikuwa ameomba kiwanja hapa ili amlete.

"Wamekupa?"

"Wanasubiri majibu."

"Majibu ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Makubwa! Kwetu mtu huulizwa ukoo wake."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo watu husema. Masele alikuwa pale tangu masika, na jembe hakuwahi kupewa.

Mgeni wa pikipiki alifika siku ya majibu. Watu walikusanyika chini ya bati la zizi, maksai wakapitishwa kwenye mizani mara ya mwisho, na Advera akasema wazi: unga ulikuwa kwenye ndoo nyekundu, na haukufanya kitu. Wa nyekundu na wa buluu wamekua sawa.

Masele akamtazama Bernardo kama mtu anayengoja kupewa mkono.

"Daktari," Bernardo akauliza, "hao wa buluu walikula pumba tupu?"

"Tupu."

"Na wamenenepa sawa na wenzao?"

"Sawasawa."

"Anayewalisha ni mmoja?"

"Mmoja. Masele huyu."

Apolinaria akapiga makofi mara moja. "Basi dawa haikuwa kwenye ndoo!"

Watu wakaangua kicheko. Masele naye akacheka, mpaka alipoona hakuna anayemtazama.

Advera akaeleza nyasi zilizokatwa zikiwa bado changa, akaeleza maji ya kila siku. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha Bernardo akamshika Masele mkono kwa mikono yake miwili.

"Hakuna anayekuchukia, ndugu yangu. Ni mkono wako tu, una mambo. Kuhusu kiwanja, tutaona."

Katika Kiswahili cha vikao, tutaona ni mlango unaofungwa polepole ili usipige kelele. Masele akapanda kichuguu.

"Minza, nakuja."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nina mkono mzuri na ng'ombe."

"Sasa mbona unarudi?"

"Ndiyo maana narudi."

Asubuhi lori likaja kuwachukua maksai kwenda mnadani, na Masele akapanda nyuma pamoja nao. Mgeni, ambaye pikipiki yake ilikuwa haijarudi kumchukua, akampandishia furushi. Injini haijawaka, mikokoteni ikatokea, na wanawake wenye vikapu. Dawa haikuwa kwenye ndoo, kwa hiyo mavi hayakuwa na kosa. Apolinaria akafika wa kwanza kwenye rundo, akamwona mgeni amesimama.

"Shikamoo, mzee. Usisimame bure, shika jembe."

Kutoka juu ya lori Masele alimwona mtu wa jana anapewa jembe, anainama, anachimba. Walikuwa wanachimba upande wa mbele, kwenye mavi mabichi yanayounguza mizizi.

"Nyuma!" akapaza sauti. "Chimbeni nyuma, huko ndiko yameoza!"

Hakuna aliyeinua kichwa. Lori likaondoka, na Masele akaanza kuwapigia maksai mluzi ili wasimame imara. Lilipokata kona aliangalia mara nyingine. Majembe yote yalikuwa yamehamia nyuma, na la mgeni likiwemo.