Pete Iliyoungua Bila Moto

Karakana yetu ya Dodoma ilipouzwa kwa mtu binafsi, tajiri mpya alileta mashine ya kugumisha vyuma. Ilikuwa koili tu, yaani bomba la shaba lililozungushwa kama springi na kupitishwa umeme, bila mkaa wala ndimi za moto, lakini ekseli ikiingia ndani inaiva nyekundu, kisha tunaizamisha kwenye maji. Sasa moto uko wapi? Kwa ubishi wangu, nikaingiza mkono kwenye koili tupu ikiwa imewashwa. Ngozi haikuhisi kitu, ila pete ya ndoa ilinichoma mpaka nikapiga yowe. Nikaivua.

Jioni mke wangu aliona kidole kitupu, kimebabuka. Nikamweleza kwamba mashine isiyo na moto imechoma pete, mkono imeuacha. Hata mimi sikujielewa. Akanitazama.

“Mume wangu, huyo mwanamke anaitwa nani?”