Mavi ya Ng'ombe ni ya Nani

Tembo simlaumu. Tembo ni mnyama, alikuwa kwake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeinama kwenye mpaka wa hifadhi nafunga mzigo wa kuni. Sikumsikia. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini mnyama mkubwa vile anatembea kama mtu aliyevaa soksi. Nilipoona kivuli kimefunika kuni zangu nikadhani ni wingu. Nikainua macho. Ukuta. Ukuta wenye mikunjo, na juu yake jicho dogo lenye kope ndefu, linaniangalia.

Wenzangu walishakimbia. Alinisukuma mara moja tu, kama unavyosukuma mlango wa jiko, nikaenda kugonga mti wa mgunga na paja likalia. Halafu akaachana na mimi. Akauokota ule mzigo niliouhangaikia tangu asubuhi, akaunyanyua juu, akauachia, kuni zikasambaa. Nimelala pale, maumivu sijayasikia bado, na kichwani nina neno moja: mkubwa namna hii, na hana haraka.

Ninaowalaumu nitawasema. Majina siandiki, maana bado tunazikana na wajukuu wetu wanakaa dawati moja, lakini wakisomewa haya watajijua. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Kilima cha nyuma ya nyumba yetu, hapa kijijini kwetu upande wa Bunda, kilikuwaga na miti mpaka juu. Nilipoolewa tulikuwa tunaokota kuni huku tunasikia watoto wakilia nyumbani. Yeye alikichoma chote, gunia kwa gunia, mkaa ukapanda malori. Mwingine ni mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule, kila akiulizwa anasema ofisi haina taarifa, na jikoni kwake mkaa haukatiki. Na mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, aliona mdogo wake anakimaliza kilima akasema, ni damu yangu, nimfanyeje. Kilima kilipokwisha wanaume hawakwenda popote. Sisi wanawake ndio tukaanza kwenda mpakani.

Nilitibiwa Musoma. Nilipotoka hospitali mguu ulikuwa mfupi, siwezi safari ya nyumbani, nikakaa kwa dada yangu Kigera. Nilikuwa mjane tayari. Dada yangu anauza chapati na maharage, na nyuma ya nyumba ana ng'ombe wawili wa maziwa kwenye kiuga ambacho hata baiskeli huwezi kuigeuza. Asubuhi ya kwanza nimekaa jikoni kwake, naona anasukuma chapati, anageuza, anapaka mafuta, na chini ya kikaango hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna mtungi wa gesi.

"Dada, unapikia nini?"

"Mavi."

"Mimi nimevunjika mguu, sijavunjika akili."

"Mavi ya wale pale." Akaonyesha ng'ombe kwa mwiko. "Kula chapati, inapoa."

Sikuila. Niliinama mpaka nywele zikataka kuungua. Moto ulikuwa wa bluu, mfupi, umejipanga kwenye duara kama meno ya mtoto yanayoanza kuota, na unavuma taratibu kama mtu anayebembeleza. Moshi hakuna. Harufu hakuna. Sufuria ya dada yangu ilikuwa nyeupe chini kama ilivyotoka dukani. Chapati iliyokuwa mkononi mwangu ikapoa kabisa.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mwenye kunicheka anicheke. Lakini tangu nimeolewa nilikuwa nazoa mavi kila asubuhi kwa mikono hii, napeleka jalalani, nanawa, halafu nachukua panga na kamba naenda mpakani kutafuta moto. Moto nilikuwa nimetoka kuutupa. Siku ile jikoni kwa dada nilitaka kulia, nikashindwa, nikabaki nashangaa tu.

Nikarudi nyumbani na fundi aliyemjengea dada mtambo wa hiyo gesi ya mavi. Ni mtu wa Butiama, wa kule Mwitongo, mpole, anaongea na tofali kama anaongea na ng'ombe: "Tulia hapo." Saruji na mabomba nilipata kwenye mradi wa hiyo mitambo. Matofali ndiyo yaliyoleta maneno. Marehemu alikuwa ameshachoma tanuru zima kwa ajili ya nyumba yetu, akafa hajajenga hata msingi. Yalikuwa yamekaa pale, nyasi zimeota katikati. Nikamwambia fundi achukue hayo.

Shemeji alikuja akasimama juu ya shimo, mikono mgongoni, anaangalia matofali ya kaka yake yanavyozunguka chini kama chungu kikubwa kilichofukiwa.

"Shemeji, kweli? Ng'ombe wangu wakunyie nyumba ya matofali, mimi mwenyewe nalala ya udongo?"

Watu wakacheka. Kijiji kizima kikaanza kuiita nyumba ya mavi. Nikipita na kijiti changu naulizwa, wapangaji wameshahamia?

Alisema ng'ombe wake, na ilikuwa kweli. Mume alipokufa nilikataa kurithiwa na huyu mchoma mkaa, basi ng'ombe wakawa chini yake ingawa walibaki kwenye zizi langu. Lakini mavi hayakuwa na shida. Kwetu mavi ni ya mwanamke. Siku yangu ya kwanza nimeolewa mama mkwe alinipeleka zizini akaniambia, ng'ombe ni wa mume wako, lakini anachoangusha chini ni chako. Cha kukandika nyumba, cha kuweka shambani, hakuna mwanaume aliyewahi kuuliza. Na mwanaume hashiki mavi. Akionekana na beleshi zizini, wanawake watamwimba kwenye harusi mpaka ahame.

Tukajaza mtambo. Mavi ndoo, maji ndoo, unakoroga kwa mkono unatoa majani, unamimina. Fundi akaniambia gesi ya kwanza haiwaki, fungua koki iende zake, usubiri nyingine. Mimi nikamwelewa. Majirani hawakumwelewa. Walijaa jikoni siku gesi ya kwanza ilipofika, fundi akafungua koki ikasikika pumzi, mmoja akawasha kiberiti kwa kiherehere chake. Kiberiti kikazimika. Akawasha kingine, kikazimika. "Imejamba tu!" shemeji akasema, na walitoka wakishikana mabega kwa kicheko.

Ilipowaka kweli tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe. Yeye macho yake yaliishia kwenye moshi wa jikoni, anaona mwanga na kivuli basi. Nikamkalisha karibu. Nikawasha.

"Washa basi," akasema.

"Imewaka, mama."

"Usinidanganye. Moshi uko wapi?"

Nikamshika mkono, nikausogeza pole pole mpaka joto likamgusa. Akaurudisha haraka. Akausogeza tena yeye mwenyewe, akauacha pale. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaulizia mgonjwa, "Hii ilikuwa humo siku zote?"

Nikamwambia ndiyo mama, humo humo.

Akajipangusa macho ambayo hayaoni.

Basi, sifa zikatembea. Wakaja akina mama wa vikundi, wakaja walimu, wakaja wageni na simu zao kupiga picha, na kila picha shemeji amesimama mbele ya jiko na koti lake. Mwenye mgahawa wa barabarani akaja kuangalia na kwenda kutafuta fundi yule yule, akaacha kununua mkaa wa shemeji. Hapo ndipo shemeji alipobadilika. Akaja jioni moja hata hakukaa.

"Moto huu unatoka kwa ng'ombe wangu."

"Unatoka kwenye mavi, shemeji. Na mavi..."

"Mavi ya nani? Yako? Wewe unakunya majani?" Akaonyesha bomba. "Hilo ligeuzwe lije kwangu. Mke wangu naye ana mikono ya kupika."

"Linatosha jiko moja. Mke wako aje apikie hapa, nimeshamwambia."

"Basi utaona."

Kesho yake akawahamisha ng'ombe wote kwenda kwake, ng'ambo ya kijito, akatangaza kwamba mavi ya zizi lake hayatoki. Mali ya mtu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa sasa, akasema sheria ya mavi yeye hajaiona mahali, kwa hiyo tuelewane kifamilia. Naye nimemwandika kati ya ninaowalaumu.

Moto haukuzimika siku hiyo. Ulipungua. Kila asubuhi ulikuwa mfupi kuliko jana, ukapoteza ule mvumo, ukabaki unarukaruka kama unatafuta mtu. Mimi nilikuwa najua kitakachofuata. Jirani alishanipitia, tena kwa huruma: "Kesho tunakwenda kuni, utajaribu? Tutakusubiri kwenye mteremko." Nikaangalia mguu. Nikaliona lile jicho na kope zake. Asubuhi nilipogeuza koki na kiberiti kikaungua mpaka vidoleni bure, nilichukua kamba nikaikunja, nikakaa nayo mlangoni. Sikuweza kunyanyuka.

Aliyekuja sikumtegemea. Alikuwa mke wa shemeji, mwanamke mkimya, aliyenililia hospitali kuliko ndugu zangu. Ananiita dada mkubwa.

"Dada mkubwa, weka hiyo kamba. Unaona mvua hizi?"

"Naziona."

"Mimi leo sijazoa."

Nikamwangalia.

"Amesema ni mali yake," akasema. "Mimi ni nani nishike mali ya mume bila ruhusa? Nisije nikaitwa mwizi." Na akacheka, mara ya kwanza namsikia akicheka kwa sauti.

Ilikuwa masika yenyewe. Ng'ombe wengi, zizi moja, mvua kila siku, na hakuna mkono unaozoa. Zizi likawa uji. Ng'ombe wanasimama kutwa, hawana pa kulala, wamezama mpaka juu ya kwato. Kutoka kwangu nikawa nasikia wanavyonyanyua miguu: pwa, pwa. Nzi wakahamia kule hata kwangu wakapungua. Shemeji akatafuta wanawake wa kumfanyia kibarua. Wa kwanza akamwambia mgongo. Wa pili akamwambia, "Baba, nasikia yana mwenyewe, mimi naogopa polisi." Wale wanawake hawakukaa kikao, nakuhakikishia. Habari iliingia kila nyumba yenyewe, na kila mmoja akaonekana ana shughuli. Ninapokumbuka mgongo unanisisimka kama siku ile ya tembo, maana ilikuwa kitu kikubwa kile kile, kinatembea na hakina kelele.

Wanasema kuna alfajiri alionekana zizini na beleshi, amejifunga khanga ya mkewe kichwani ili adhaniwe ni yeye. Mimi sikumwona. Lakini wimbo upo.

Halafu ndama wake akaanza kuoza kwato. Ng'ombe anayekamuliwa akakataa kuachia maziwa. Hapo akaja. Alisimama nje ya jiko langu, akakohoa, akakohoa tena.

"Karibu, shemeji."

"Nimeshakaribia." Akakung'uta matope kwenye viatu. "Shemeji, zizi linanuka."

"Linanuka mali."

Alikunja uso, nikadhani atanipiga. Badala yake akaangalia jiko langu lililozimika, mama yake amekaa pembeni yake na mikono mapajani, ameelekeza uso pale palipokuwaga na joto. Mama hakumgeukia hata mwanawe.

"Waje wazoe," shemeji akasema.

"Wapeleke wapi?"

"Wewe unajua."

"Sema, shemeji. Wapo wanaosikia." Maana mke wake na majirani walishajaa nyuma ya ukuta wanajifanya wanachambua mboga.

"Walete hapa! Kila siku. Mavi ni yenu, mchukue, mnywe!"

Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijasikia hata kwenye ubarikio wa kanisani. Walivuka kijito kwenye matope na ndoo, mabeseni, mmoja anasukuma toroli la shule, wanaimba, mvua inawapiga, na mimi nimesimama kwenye shimo la kukorogea mkono umezama mpaka kiwiko, nakoroga na kumimina, nakoroga na kumimina. Hata walioniuliza habari za wapangaji walikuwepo, wamelowa.

Tukasubiri siku kadhaa. Nikaijaribu mbele ya mama mkwe, mke wa shemeji na yeye shemeji mwenyewe, aliyesema amepita tu. Ikaja ya njano kwanza, dhaifu. Ikasita. Halafu ikazunguka duara lote kwa mara moja, bluu, ikaanza kuvuma. Mimi nimeshaiwasha mara ngapi, lakini nilishika mdomo kama mgeni. Mama mkwe akausogeza mkono wake bila kushikwa.

Sijamsamehe yule bwana. Kilima hakijarudi na mguu haujarefuka. Lakini nilibandika chai, akapewa kikombe, akanywa akiwa amechuchumaa anaangalia chini ya sufuria.

"Hivi hii haiishi?" akauliza.

"Inaisha. Wewe mwenyewe ulishaimaliza."

Mke wake akageukia ukutani, mabega yanacheka. Shemeji akanyoosha kikombe bila kunitazama, nikamwongezea, kwa sababu chai ilikuwepo, imechemka, na wote wanne hatukuwa tunataka kutoka mbele ya ule moto.