Bei ya Darubini ya Kang'ethe

Mwaka wa 1955, katika klabu ya kulenga shabaha iliyokuwa nyuma ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, hakuna mwanachama aliyenunua bunduki, mkanda wa ngozi wala darubini iliyokwisha kutumika kabla Dismas Odera hajaishika. Wazungu walileta vitu vyao vimefungwa kwenye blanketi, wakaviweka juu ya meza ndefu ya ghala, wakasimama kando wakivuta sigara kama watu waliomleta mtoto kwa daktari. Dismas alichomoa bolti, akauelekeza mtutu dirishani na kuchungulia ndani kwa jicho la kushoto. Alizungusha ncha ya kidole kwenye mdomo wa mtutu kutafuta mahali palipolika. Alivuta kifyatulio mara tatu huku amefumba macho, kwa kuwa ulegevu wa kifyatulio huhisiwa, hauonekani. Kisha alitaja bei, na bei hiyo ndiyo iliyolipwa.

Jina lake halikuandikwa popote. Katika daftari la klabu, mahali pa mthamini palijazwa jina la katibu, Bwana Pelling, ambaye hakuweza kutofautisha kutu na mafuta yaliyokauka. Sheria haikumpa Dismas ruhusa ya kumiliki hata risasi moja. Miaka ile ya hali ya hatari, risasi moja mfukoni ilitosha kumfikisha Mwafrika kitanzini. Lakini mtu huyohuyo, Mjaluo wa Gem mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, aliyeitwa boi hata na watoto wa wanachama, ndiye aliyewaamulia wenye bunduki kama walikuwa wakiibiana. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Waliomwita boi hawakuliona, na yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuliona.

Ujuzi huo alifundishwa na Kang'ethe, Mkikuyu aliyekuwa mtunza vifaa wa kwanza wa klabu. Kwa miaka sita waliishi katika vyumba viwili vilivyoshikana ukuta mmoja wa mabati, na kila jioni walikoka jiko moja wakabishana. Kang'ethe alimcheka kwa kula samaki wenye macho. Dismas alimcheka kwa kuogopa samaki aliyekwisha kufa. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chao kilipowapungukia kazini, waliazima. Hapo ndipo yalipoanza maneno mawili ambayo watu wawili tu walijua kuyatumia vile.

Kwao Gem, kitu kilichopungukiwa nguvu kwa uchafu au kazi nyingi huambiwa ool: kimechoka, kipe mapumziko kitarudi. Kitu kilicholika hadi kwenye uhai wake huambiwa oti: kimeisha, hakirudi. Kang'ethe aliyapenda maneno hayo kuliko Dismas mwenyewe. Mtutu uliojaa masizi ya risasi ulikuwa ool, hivyo bei isishuke sana. Mtutu ambao mistari yake ya ndani ilikuwa imefutika ulikuwa oti, hivyo uuzwe kama chuma. Mbele ya watu wengine Dismas alisema "imechoka" kwa lile la kwanza na "imezeeka" kwa lile la pili, na hakuwahi kufikiri kwamba masikio mengine yangeyachanganya.

Aprili ya mwaka wa 1954 malori ya askari yalikuja alfajiri, na Wakikuyu wote wa klabu na wa shamba la jirani wakapandishwa. Kang'ethe alikuwa ameshika kopo la maji ya kunawa. Alimkabidhi Dismas kopo lile juu ya upande wa lori, kama mtu anayekwenda chooni na kurudi. Hakurudi. Wajaluo wenzake Dismas walikuwa Thika, kwenye viwanda, na pasi ya kutembea haikupatikana kila wiki. Mkewe Wilkister na binti yake Awiti walikuwa Gem, barua moja kwa miezi miwili. Ilifika mahali akawa anataja bei za vitu kwa sauti ndani ya ghala tupu, sufuria kiasi gani, kiti kiasi gani, ili asikie mtu akisema neno.

Mwaka uliofuata, Jumanne moja ya mwezi wa Julai, Njambi alifika. Alikuwa mke wa Kang'ethe. Aliishi katika kijiji kipya upande wa Kiganjo, karibu na Thika, walikohamishiwa watu kwa nguvu na kuzungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Alikuwa na cheti cha chifu cha kumalizika saa kumi jioni, na chini ya shuka, ndani ya kikapu cha viazi, alikuwa na darubini ya mumewe.

Ilikuwa darubini ya kazi, ya kutazamia tundu la risasi kwenye shabaha ya mbali, na mfuko wake wa ngozi. Mwanachama mzee aliyerudi Uingereza alimwachia Kang'ethe pamoja na barua ya kuthibitisha. Njambi alikuwa ameificha mwaka mzima ndani ya mahindi, kwa sababu darubini ikionekana katika kijiji kile, barua isingesomwa na mtu. Sasa alitaka kuiuza kwa njia ya halali, mahali ilipojulikana. Huko Thika, Mhindi mmoja wa duka la nguo alikuwa na cherehani kuukuu ya shilingi mia moja na sabini, na alikuwa amekubali kumwekea hadi Jumamosi. Mwanamke mwenye cherehani alishonea wake za walinzi wa kijiji, na aliyewashonea hakupelekwa kuchimba handaki kila asubuhi akiwaacha watoto peke yao. Warigia, mtoto wake mkubwa, alikuwa na miaka saba.

Haya yote alimweleza Dismas kwa sauti ya chini mlangoni, akimwita Baba Awiti kama zamani. Dismas alifurahi. Kabla hajamkaribisha kiti, Bwana Pelling aliingia.

Katibu aliivuta darubini, akatazama, akaona ukungu mtupu. Akamtupia Dismas. Dismas alifungua vipande vyake, akakielekeza kioo kwenye mwanga. Kuna ukungu wa aina mbili. Mmoja ni kuvu inayokula kioo na kuacha nyuzi kama utando wa buibui, na huo hauna dawa. Mwingine ni jasho la unyevu na mafuta, nao hufutika kwa spiriti na kitambaa laini. Huu ulikuwa wa pili. Vioo vilikuwa vizima, mabomba yaliteleza bila kukwaruza, hapakuwa na bonyeo hata moja. Mpya Nairobi ilikuwa mia tatu. Hii ilikuwa mia moja na themanini, bila ubishi.

"Imechoka tu, bwana," akasema.

Bwana Pelling hakungoja bei. Alimgeukia Njambi akamwambia kwa Kiswahili chake cha amri kwamba darubini imechoka, boi mwenyewe amesema, na kwamba kwa huruma atatoa shilingi thelathini. Akaziweka mezani.

Njambi hakuzitazama. Alimtazama Dismas, kwa utulivu, kama mtu aliyefika mlangoni akabisha hodi. Dismas alikuwa na kipande cha darubini kila mkono. Alijua sasa kilichotokea. Alijua pia chumba chake kilikuwa cha nani, na pasi yake ilitiwa sahihi na nani. Alianza kuunganisha vipande.

Saa nane na nusu ilikuwa imepita. Njambi alizichukua zile thelathini, akainua kikapu, akaondoka.

Dismas alijipa siku tano za kulilaumu neno. Alijiambia kosa ni la lugha. Mzungu hakuelewa, na mama wa watu naye hakuelewa, angewezaje kuelewa? Siku ya Alhamisi katibu alimwagiza aisafishe darubini, na baada ya saa moja tundu la risasi lilionekana wazi kwenye ubao wa yadi mia tatu. Bwana Pelling alimpigapiga begani kwa furaha.

Jumapili alipata pasi. Alikwenda hadi kijijini akiwa na shilingi sitini, zote alizokuwa nazo. Hakuruhusiwa kuingia. Mlinzi wa lango, kijana aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake, alimwuliza Mjaluo anatafuta nini kwa wanawake wa Kikuyu, akacheka peke yake, kisha akamwita Njambi. Walisimama yeye huku na yeye kule, handaki katikati.

Dismas alieleza. Alieleza kwa urefu, habari ya ool na oti, jinsi neno la kwao lilivyoharibika lilipovuka kuingia Kiswahili, jinsi Mzungu alivyolidaka vibaya. Njambi alimwacha amalize.

"Baba Awiti," akasema, "hayo maneno yamekuwa nyumbani kwangu miaka sita. Kang'ethe alipokuwa akirudi Jumamosi, jembe ni ool, mbuzi ni ool. Mimi mwenyewe, nilipokasirika, aliniuliza kama ni ool au ni oti. Uliposema imechoka nilijua umesema ni nzuri."

Dismas aliingiza mkono mfukoni.

"Nilikuwa nakungoja umwambie yule," akasema Njambi.

Dismas akamwonyesha zile sitini. Njambi alizitazama kutoka ng'ambo ya handaki, akauliza kama hiyo ilikuwa bei ya darubini au bei ya kunyamaza. Kisha akamwambia azirudishe mfukoni, cherehani ilikuwa imechukuliwa jana na mwanamke wa Makongeni. Hakusema kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu. Alimwuliza habari za Wilkister, kwa adabu ile wanayopewa wageni, kisha akaagana naye.

Watu wamezoea kusema kwamba miaka ile haikuwa ya kusema. Ni kweli, na wengi waliokufa walikufa kwa kusema. Lakini ukweli huo umetumiwa pia kufunika mambo madogo ambayo yangegharimu chumba cha mabati na pasi ya kutembea, na aliyelipa kwa ajili ya ukimya huo mara nyingi alikuwa mwanamke aliyesimama ng'ambo ya handaki akiwa na jembe. Dismas hakuyafikiri kwa maneno haya. Alirudi Ruiru kwa miguu, hakuwasha jiko siku ile, wala ya pili.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mashindano. Wanachama kumi na wanne walikuwa ghalani wakichukua vifaa, na Bwana Pelling aliitoa darubini ili amwonyeshe rafiki yake, mkulima mmoja wa mkonge, jinsi alivyoipata. Mkulima alitazama, akasifu, akamwuliza Dismas, kama walivyouliza wote, ni ya kiasi gani.

"Mia moja na themanini," Dismas akasema. "Ilikuwa mia moja na themanini siku ile ilipoletwa na mke wa Kang'ethe. Bwana Pelling alimpa thelathini. Mimi nilisimama hapa nikanyamaza."

Alikisema Kiswahili chake polepole, neno moja moja, ili kila mtu apate. Kisha mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Wakamwambia katibu kwamba ni mfanyabiashara hodari, wangempeleka bungeni. Bwana Pelling alicheka nao, masikio mekundu. Na yule mkulima, ambaye hakuwa na darubini ya mashindano, alitoa pochi na kuinunua darubini palepale kwa mia moja na themanini. Hakuomba apunguziwe hata senti. Boi alikuwa ametaja bei, na bei za boi yule hazikuwa na kasoro.

Fedha zile ziliingia mfuko wa Bwana Pelling. Mwisho wa mwezi Dismas alipewa barua ya kufukuzwa iliyosema ni mtu wa maneno mengi.

Alipata kazi katika kiwanda cha Thika, kupanga makopo kwenye makreti, na kitanda katika chumba cha watu watano. Wenzake walikuwa wa nyumbani, wakiimba nyimbo za kanisa, na walimpokea vizuri. Hakuna aliyemwomba achungulie kitu chochote. Waliongea kuhusu mpira na mishahara, naye alilala akiwa ameelekea ukutani.

Jumapili ya kwanza ya Septemba alikwenda tena kijijini. Mlinzi alikuwa mwingine. Wanawake walikuwa kazini ingawa ilikuwa Jumapili, mstari mrefu ndani ya handaki, na Njambi alikuwa wa nne kutoka langoni. Mlinzi aliwapa muda wa kuvuta sigara moja.

Dismas alichuchumaa ukingoni. Alimwambia amesema.

"Kwa yule?" Njambi akauliza bila kuacha kuchimba.

"Kwa yule. Na wengine walikuwapo."

"Wangapi?"

"Kumi na wanne."

Njambi aliegemea mpini wa jembe. Udongo mwekundu ulikuwa umemfika magotini. Akamwuliza kama pesa zilirudi. Dismas akasema hazikurudi. Akamwuliza kama bado yuko Ruiru, naye akasema hapana. Njambi akaitikia kwa kichwa taratibu, akiyaweka majibu hayo mahali pake moja baada ya jingine.

"Ulisema kiasi gani?"

"Mia moja na themanini."

Aliirudia hesabu ile kwa Kikuyu, chini kwa chini, mara mbili, kama mtu anayejifunza jina. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimwuliza kitu. Njambi akamjibu kwa maneno machache, na Dismas akasikia jina la Kang'ethe ndani yake, kisha hesabu ile tena. Yule mwanamke akaipeleka kwa aliyemfuata.

Mlinzi alitupa kipande cha sigara. Njambi aliinua jembe, na Dismas akasimama, akakung'uta magoti, akashika njia ya Thika.