Tonge Nililoliacha Nandagala

Niliwahi kusema nimefunga, siku ya Idi. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa mkekani, kanzu imepigwa pasi, nyumbani kwa watu niliokuwa nimepeleka posa, mbele ya wazee walioswali Idi asubuhi ile ile pamoja nami. Mtu akitaka kuonekana mjinga mbele ya wakwe ana njia nyingi. Mimi nilichagua ile ambayo hata mtoto wa chuo cha Kurani angenicheka.

Ilikuwa Nandagala, kijiji kimoja cha Ruangwa, miaka ya hamsini imeanza kukolea. Sinia lilikuwa limekwisha kuwekwa: wali, kuku, na bakuli la kisamvu cha karanga, kizito, mafuta yameelea juu. Harufu ilinifikia kabla bakuli halijatua, shingo ikaanza kunibana. Bibi wa binti niliyemposa akasema, "Karibu, mume wetu, nawa." Ningeweza kumwambia ukweli. Nikamwambia, "Ahsante bibi, leo nimefunga."

Mjomba wa binti alikuwa ameshafinyanga tonge. Akalishikilia hewani.

"Umefunga leo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Leo Idi?"

Nikakunja mikono ya kanzu, nikaikunjua.

"Sasa wewe unamfungia nani?"

Binti, aliyekuwa amesimama na birika la kunawia, alicheka, akakimbilia uani. Wengine hawakucheka. Kwetu mgeni akikataa chakula cha nyumba, haulizwi sababu. Amekwisha kuwaambia wenyeji kwamba anahofia kilichotiwa ndani yake. Neno uchawi halitamkwi mkekani, lakini ukiacha tonge umelitamka. Bibi alilitazama sinia lake, akajifunika khanga vizuri, akasema kwa Kimwera, nadhani akiamini shule imekwisha kukifuta kichwani mwangu: "Huyu anatuogopa."

Siku hizi lipo neno. Vijana husema mzio, na daktari anaitikia kwa heshima. Wakati ule hatukuwa nalo. Mama yangu alisema tu kwamba vyakula vinamkataa mwanawe. Karanga zilinibana shingo, korosho zikanivimbisha macho, ufuta ukanitoa mabaka kama chui, na samaki mkavu akanipeleka chooni nikakaa huko mpaka watu waje kuniulizia. Toa hivyo vyote katika jiko la Ruangwa uone kinachobaki. Chumvi na maji. Hata msimu wa kubangua korosho, moshi wake ulinifukuza barazani, nikajifungia ndani na madirisha nikayaziba kwa magunia. Ndivyo nilivyogeuka mtu wa ndani. Wenzangu walidhani nasoma. Nilikuwa napumua tu.

Mama alininunulia chungu changu, kidogo, chenye mfuniko wake, na mwiko wake pia. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nilikula ugali wangu na majani ya maboga yaliyochemshwa, nimekaa pembeni, huku ndugu zangu wakizunguka bakuli moja wakigombania, huyu kachota sana, yule kammwagia mwenzake. Nilitamani karanga, sikatai. Usiku niliziota. Lakini zaidi nilitamani kugongana nao vidole mle ndani ya bakuli, nami nipigwe kofi la mkono kwa uroho. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniambia nina uroho, na nawaambieni, ni jambo la kusikitisha.

Shule ya sekondari ilinifaa kwa sababu ambayo walimu hawakuijua. Wenzangu walilia kwa sababu ya chakula, maharage na ugali mweupe, maharage na ugali mweupe. Mimi nilinenepa. Likizo ilipokaribia, wao walihesabu siku kwa furaha, mimi nilianza kukonda.

Nilipomaliza, wajomba zangu walinitafutia kazi ya ukarani Nachingwea. Wote walijivunia. Kazi yenyewe ilikuwa ghalani, kwenye yale mashamba makubwa ya karanga ambako matrekta yaling'oa msitu mzima. Sikuwaambia kitu. Niliingia ghalani nimefunga kitambaa puani kama mtu anayekwenda kuzika mfu wa siku nyingi. Vumbi la maganda likapita humo humo kwenye kitambaa. Nilirudi Ruangwa juu ya lori, macho yamefumbana kwa uvimbe, dereva akaniuliza nilipigana na nani. Nikamwambia, "Na karanga." Akacheka mpaka akakosa gia.

Baada ya hapo nilikaa nyumbani, nikawa naandikia watu barua na kulima kidogo karibu na nyumba. Na ilikuwa hapo nyumbani nilipomwona yule binti. Alikuja kumsalimu jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye ni shangazi yake, mzaliwa wa Nandagala aliyeolewa kwetu. Mumewe tuliitana ndugu, kwa hiyo yeye aliniita shemeji, na jina hilo lilimpa ruhusa ya kunisema atakavyo. Binti alikuwa akitwanga uani kwao, mimi nikiwa dirishani nyuma ya gunia langu. Jirani akapiga kelele kutoka kule: "We shemeji, toka nje umwone vizuri, hatoi moshi!" Nikatoka. Tangu siku ile nilikuwa natoka kila alipokuja, hata msimu wa korosho, hata macho yakiwasha.

Hayo ndiyo niliyokwenda kuyaharibu siku ya Idi.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alirudi Nandagala kurekebisha. Kwetu ukoo ni wa upande wa mama, na neno la mjomba ndilo linalosikilizwa. Akaeleza kwamba kijana hana dharau, ila karanga zinamdhuru. Akaulizwa: "Ni mwiko wa ukoo wenu?" Ingekuwa mwiko, mambo yangekwisha palepale, kwa maana mtu na mwiko wake huheshimiwa; yuko asiyekula sungura, yuko asiyekula kondoo, wala haulizwi. Mjomba wangu ni mkweli, hilo ndilo tatizo lake. Akasema hapana. "Na mama yake hula karanga?" Akasema hula, tena sana. "Basi mwana kaupata wapi mwiko ambao mama hana?"

Bibi ndiye aliyetoa uamuzi. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kuondolewa neno lile la uchawi mlangoni pake. Kijana arudi, ale tonge moja la kile wanachokula wao, mbele ya watu. Tonge moja. Akishalimeza, mazungumzo ya mahari yaendelee.

Mama aliposikia, akakaa chini. "Ukila utakufa, usipokula utabaki hapa hapa na mimi," akasema. "Sijui nikuombee lipi."

Nilikwenda. Njiani nilijipa moyo kwamba tonge dogo haliui. Nitalimeza bila kutafuna, nitaaga upesi, nitakwenda kuvimba njiani kama mwanamume. Nilikuwa namtaka yule binti kuliko nilivyoitaka shingo yangu. Ndivyo nilivyodhani nilipokuwa bado barabarani.

Tulikaa mkeka ule ule. Mjomba wake, mjomba wangu, bibi, na wanaume wawili wa jirani waliokuja kushuhudia. Binti akaleta ugali, akaleta bakuli la kisamvu, kizito kama siku ile, rangi ile ile. Kisha akaja na birika kuninawisha. Hapo ndipo tulipokuwa karibu kuliko siku zote, kichwa chake kwenye kichwa changu, maji yakipita mikononi mwangu. Alimimina polepole mno. Akasema chini chini, midomo haikucheza:

"Usiogope."

Nami neno hilo nililijua. Shangazi yangu aliniambia usiogope, nikavimba. Mpishi wa shule siku ya sikukuu aliniambia usiogope, nikalazwa. Kila aliyewahi kunilisha kitu kibaya alianza kwa kuniambia usiogope. Nikamtazama usoni. Hakukwepa macho yangu. Nikajisemea, hata yeye yuko radhi nife ili bibi yake aridhike.

Nikafinyanga tonge, nikalichovya, nikalileta mpaka mdomoni. Naapa midomo ilianza kuwasha kabla haijagusa kitu. Nikalirudisha tonge pembeni ya sinia, nikaliweka taratibu kama yai, nikasema, "Nisameheni, bibi."

Bibi hakukasirika. Alisema tu, "Basi, baba," akaanza kukusanya vyombo. Aliponiita mume wetu nilikuwa mtu wake. Aliponiita baba nikajua nimekwisha kuwa mgeni. Binti alikuwa amesimama mlangoni na birika lake. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize kusema jambo, kisha akaona sina la kuongeza, akaingia ndani.

Msimu uliofuata aliolewa kijiji cha Chunyu, kwa mkulima wa ufuta mwenye afya njema. Mimi nilirudi kwenye dirisha langu. Wakati wa kutwanga nilisikia mchi uani kwa jirani na kujua kwa mapigo tu kwamba si yeye. Yeye alikuwa na namna ya kuacha pigo moja katikati, kama anayevuta pumzi. Niliketi nikilisubiri pigo lile, nikijua anatwanga Chunyu, na kwamba huko wanakula wote bakuli moja.

Asubuhi moja nilikuwa barazani na uji wangu wa mtama, jirani akapita akitoka kisimani, ndoo kichwani. Sijui nilikuwa na uso gani. Nikamwuliza, kwa mara ya kwanza, kama mtoto wa kaka yake hajambo. Akatua ndoo. Akasema:

"Shemeji, siku ile bakulini hamkuwa na karanga hata moja. Aliamka alfajiri akatwanga mbegu za maboga, bibi yake asijue, ili wewe ule. Mwanamke alikupikia, ukamwogopa. Sasa kunywa uji wako, unapoa."