Saa Mbili za Ndege

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ya mvua kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya sitini, kwetu milimani, Nyamitaba, na baba alikuwa mgonjwa sana, kifua kinakoroma. Mimi nilikuwa kijana mwenye haya, nimemaliza shule ya msingi tu.

Kaka yangu mkubwa alifanya kazi Kisangani. Dereva wa lori alituletea barua yake: Jumamosi, saa tatu asubuhi, angepanda ndege ya kuja Goma. Nilichukua rula na ramani yangu ya shule, nikapima. Kilomita kama mia tano. Mwendo wa ndege mwalimu alikuwa ametuambia, basi nikagawanya. Saa mbili.

Sasa, baba alikuwa na neno zito. Shamba la bondeni alitaka libaki kwa mama. Mama alijua, nami nilijua, lakini kwetu neno kama hilo mwenye shamba hulisema kwa kinywa chake mbele ya majirani, ndipo ukoo hulikubali. Asubuhi ile majirani walikuwa wamejaa chumbani. Mama Vumilia, jirani yetu wa karibu, akamwinamia.

"Papa, sema sasa. Sisi wote tuko hapa."

Baba akanigeukia. "Kaka yako atafika wakati gani?"

"Saa tano iko Goma, Papa. Kutoka Kisangani ni saa mbili tu. Leo mutaonana."

"Na hiyo ndege itashuka hapa, mu maharagi yetu?" Mama Vumilia akauliza. Watu wakacheka.

Nikaona haya, nikazidi kukaza neno langu. "Mimi nilipima, Mama."

"Basi nitamungojea," baba akasema. "Pumzi yangu ni ya kusema mara moja."

Majirani wakarudi makwao.

Mwanangu, njia ya kutoka Goma niliijua kwa miguu yangu. Nilikuwa nimepanda kutoka Sake, mji ulio njiani, na mzigo wa chumvi kichwani, siku mbili, matope mpaka magotini. Adhuhuri, mvua ilipozidi, matope yale yalinijia akilini. Ningeweza kwenda kwa baba na kusema, "Papa, nilikosea, tuwaite watu." Nilifikiria kicheko cha Mama Vumilia. Nikatoka nje, nikajifanya ninapasua kuni.

Jioni baba hakuweza tena kusema. Macho yake yalikuwa mlangoni. Jumapili alfajiri alikufa.

Ndege haikuchelewa hata kidogo. Kaka alifika Jumanne, viatu mkononi, miguu imevimba. Lori lilikuwa limezama baada ya Sake. Tulipomaliza matanga, baba mdogo aliuliza kuhusu shamba, "Nani alisikia?" Nilisema ninajua nia ya baba. "Sikuuliza nani anajua," akajibu. Ukoo ukalichukua shamba, na mama akarudi kwa ndugu zake huko Walikale. Nilimwona mara mbili tu kabla hajafa, na hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikuuliza safari ni ya muda gani, mhesabie mpaka mlangoni pake. Ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, hata kama watakucheka. Na mgonjwa akitaka kusema, waliopo wamsikilize, asiyekuwepo atasimuliwa.

Mungu akupe ujasiri nilioukosa adhuhuri ile, na wazazi wako wasikufie na neno kinywani.