Mikono ya Bi Muhsina

Mazoon binti Sinan hakufundishwa na mtu kupiga picha, na anayetaka kumuudhi amwambie kwamba amebahatika tu. Alianza na simu ya mama yake juu ya paa la nyumba yao Al Khoudh, akipiga madele ya kahawa, viatu vya wageni mlangoni na nguo zilizoanikwa, kwa sababu hakuna ndugu yake aliyekubali kupigwa picha. Picha za mwaka ule wa kwanza zilikuwa mbaya, naye anazo zote na huzionesha bila haya. Kamera aliipata akiwa na miaka kumi na tisa, kuukuu, mkanda umekatika. Kifaa cha kurudisha mwanga hakuwa nacho, akachukua lile pazia la fedha ambalo kaka yake Yaqdhan huliegesha kwenye kioo cha mbele cha gari jua lisichome usukani. Mwezi mzima Yaqdhan aliingia gari la moto akimtafuta mwizi nje, kumbe mwizi wanakula naye sahani moja.

Sasa ana miaka ishirini na mitatu na ana kundi lake. Mtu akilisikia neno kundi atadhani ni watu tele, lakini ni watatu tu. Wa pili ni Aflah, mtoto wa ami yake, ambaye baba yake ana karakana ya mabango huko Ghala, katikati ya gereji mbili, yenye mashine ya kuchapa picha kubwa kama mlango. Wa tatu ni Mirembe, binti wa Kiganda anayefanya kazi nyumbani kwa Bi Muhsina, Azaiba, na ambaye Ijumaa ni siku yake ya mapumziko.

Mirembe hakualikwa kundini, aliingia mwenyewe. Mazoon alikwenda kumpiga picha Bi Muhsina, akawa anahangaika na lile pazia la gari asubuhi nzima, mwanga ukimkataa. Mirembe alikuja na sinia la kahawa, akaliweka chini, akamnyang'anya pazia, akasogea hatua mbili. Mwanga ukatua pale pale ulipotakiwa.

"Ulijuaje?" Mazoon alimuuliza.

"Dada, mimi napiga deki hapa kila asubuhi. Jua la hii nyumba nalijua linapita wapi."

Tangu siku ile Mazoon hakupiga tena picha ya maana bila ya Mirembe.

Kazi waliyokuwa nayo ilikuwa hii. Wanawake wa familia zao, zile zilizohamia huku Uarabuni kutoka Unguja, hawapendi sura zao zizagae. Harusini, upande wa wanawake, simu hukusanywa mlangoni, na anayeingia na kamera ni yule anayeaminiwa. Wapiga picha wengine hulalamika. Mazoon badala ya kulalamika aliomba mikono. Aliwaendea wanawake kumi na wawili: mmoja mshonaji kofia, mmoja dereva wa basi la wanafunzi wa chuo kikuu, mmoja Bi Nasriya, mkunga mstaafu aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa. Wote walimpa sharti moja, sura isitoke. Akaahidi, na maonesho yakapangwa kufanyika karakanani kwa kina Aflah.

Picha iliyowapendeza wote watatu bila ya mabishano ilikuwa ya Bi Muhsina. Alikuwa akitunga vikuba, vile vishada vya maua ya asumini, kwa ajili ya harusi ya Ghadeer, mtoto wa dada yake. Hina imemkolea mpaka kwenye vifundo, bangili sita za dhahabu, na kile kidole cha pete kilichopinda tangu alipoanguka utotoni. Aflah akaitia kwenye tangazo, na Alkhamisi asubuhi Mazoon akalisambaza kwa kila aliyemjua.

Hapo ndipo alipojichongea. Wiki tatu baada ya picha ile, mume wa Bi Muhsina, Bwana Thani, alifariki dunia. Mazoon hakuwa mgeni wa habari hiyo. Alikaa matangani siku zote tatu, akagawa maji, akaosha vikombe. Alijua vyema kwamba Bi Muhsina yumo edani, yumo ndani kwa miezi minne na siku kumi, hatii hina, havai dhahabu, hajifukizi udi. Lakini picha ile alikuwa ameiangalia mara mia, akaishia kuuona mwanga tu.

Adhuhuri haijaadhiniwa, kundi la simu la wanawake wa Azaiba lilikuwa linawaka. "Hii si mikono ya Muhsina?" aliandika mmoja. Kidole kile nani asiyekijua? Mwengine akadakia, "Na hina yote hiyo, na dhahabu, na marehemu hata miezi mitatu hajatimiza?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza picha ilipigwa lini. Ilipofika alasiri wanawake saba wameshampigia Mazoon kumwambia atoe mikono yao. Kesho yake walikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili, Bi Muhsina mwenyewe, hakupiga simu, na ukimya wake ndio uliomkata Mazoon maini.

Alilifuta tangazo, lakini picha ilishaingia katika simu za watu. Akalia mpaka macho yakavimba. Aflah alitaka waandike maelezo kwamba picha ni ya kabla ya msiba. Mirembe, aliyefika Ghala Ijumaa ile na uso umemshuka, akakataa.

"Usiandike, dada. Nenda. Mama kule nyumbani hajala vizuri tangu jana."

Wakaenda. Aflah aliendesha, lakini ndani hakuingia, kwa kuwa si maharimu wa mwanamke aliye edani. Akabaki garini, kiyoyozi kinanguruma, akiomba dua zote alizozijua.

Bi Muhsina alikuwa chumba cha nyuma, amevaa nyeupe tupu, mikono ameifunika kwa ushungi. Mazoon alianza kuomba radhi kabla hajakaa.

"Kaa kwanza," Bi Muhsina alisema. "Nilikwambia nini siku ile?"

"Uliniambia sura isitoke."

"Ikatoka?"

"Haikutoka."

"Basi ahadi umetimiza."

Mazoon alitamani agombezwe. Bora matusi kuliko upole ule.

"N'kwambie kitu, mwanangu," Bi Muhsina aliendelea, na sauti ikaanza kumkatika. "Miaka thalathini na nane nimekaa na Thani. Nnakaa humu kwa ajili yake, hata mafuta ya asumini sijayashika. Leo watu wananiona niko arusini. Sura yangu uliiombea ruhusa. Mikono je? Mikono yangu haina mwenyewe?"

"Nimekosa, Bi Muhsina. Wallahi nimekosa. Niliangalia picha, nikakusahau wewe. Nitaichana, na maonesho khalas, hayatokuwepo."

Na alikuwa anasema kweli. Miaka minne ya kujinoa peke yake alikuwa tayari kuiacha pale pale kwenye zulia, ilimradi mama yule asimuone mtu asiyeaminika.

Bi Muhsina akatoa mkono kufuta machozi. Mirembe, aliyesimama karibu na dirisha, akainama mbele.

"Mama, samahani. Kucha zako."

"Kucha zangu zina nini?"

"Angalia hina. Imebaki mwisho tu. Mtu akiona hizi, anajua ilipakwa zamani. Hakuna haja ya kueleza."

Bi Muhsina akaipeleka mikono kwenye mwanga. Vifundoni hakukuwa na alama. Kucha zilikuwa zimeota, safi, na hina imesukumwa mpaka nchani, kipande chembamba chekundu katika kila kidole. Akaviangalia vile vipande kwa muda mrefu.

"Siku ile Thani aliniambia, hina imekukubali," alisema. "Nikikata kucha wiki ijayo, ndiyo imekwisha." Akamgeukia Mazoon. "Kamera unayo?"

"Iko garini."

"Kailete. Lakini sikiliza. Huitoi mpaka nimetoka eda. Ukiitoa, ziweke mbili pamoja, ile na hii. Na jina langu liandike chini. Washanijua, basi wanijue kwa jina."

Mirembe akafungua pazia la dirisha nusu, si zaidi, akalishika lile la gari, lililoletwa pamoja na kamera, mahali anapopajua yeye. Mazoon alipiga mara nne tu. Mikono imelala juu ya nguo nyeupe, haina kitu, haifanyi kitu. Alijua, kabla hajatazama, kwamba hiyo ndiyo picha bora aliyowahi kuipiga.

Walipoondoka, Bi Muhsina alichukua simu akatuma ujumbe wa sauti kwa wanawake wa Azaiba. "Mimi Muhsina. Hina ile nilitiwa na Nasriya, arusi ya Ghadeer, na nyote mlikuwepo mnakula pilau. Hesabuni siku kabla hamjahesabu bangili zangu."

Bi Nasriya ndiye aliyepiga simu mwanzo. "Mazoon, mikono yangu irejeshe, na jina langu lote kamili. Lakini picha nnachagua mwenyewe. Na hufungui hayo maonesho yako mpaka Muhsina atoke."

Ikawa hivyo. Wiki nane zilizobaki zilikuwa nzuri kuliko maonesho yenyewe. Kila Ijumaa alasiri mafundi wa gereji za Ghala waliona kinamama wakishuka magarini kwa mabuibui yao na mabakuli ya vitumbua, wakiingia karakana ya mabango. Walizitandika picha juu ya meza ya kukatia, wakabishana, wakachekana vidole. Bi Nasriya aliikataa picha ambayo Mazoon aliiona bora, akachagua nyengine, na ilipochapwa ikaonekana yeye ndiye mwenye haki. Mazoon akajifunza kuuliza kabla ya kuchapa, tena kuuliza na kusubiri jibu.

Aflah alipoandaa maandishi ya kuweka chini ya picha, akafika kwenye jina la mpiga picha, Mazoon alimwambia aandike mawili.

"Mimi nashika pazia tu," Mirembe alisema.

"Na kucha aliziona nani?"

Mirembe aliinamia sinia. Akajifanya anapanga vikombe, lakini tabasamu lilimshinda.

Maonesho yalifunguliwa Ijumaa ya kwanza baada ya eda kwisha. Karakana ilijaa mpaka milango ya chuma ikabidi iachwe wazi. Bi Muhsina aliingia taratibu, bado hajatia dhahabu, na watu wakampisha. Mbele ya picha zake mbili walisimama wasichana wawili wa chuo, wageni kabisa. Mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake ni mikono ya nani ile.

Bi Muhsina akasogea katikati yao. Akaunyanyua mkono wake, kucha zimekatwa fupi, hina haimo hata chembe, akauweka ukutani pembeni ya zile picha mbili.

"Yangu mimi," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Soma hapo chini, pameandikwa Muhsina. Na haya majina mawili mengine ni ya wanangu. Wale pale, wanaolia."