Cherehani Juu ya Mkokoteni

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya bombani, Kariakoo, nikiwa na miaka tisa na ndoo mkononi. Asubuhi hii nimeliandika na kulifuta mara nne, na bado naona aibu.

Miaka ile mitumba ilikuwa imeanza kumwagika mitaani. Ua wetu ulinukia vitumbua vya bibi, na foleni ya maji ilijaa habari zisizo na mwenyewe: viwanda vya nguo vinafungwa, mafundi watakosa kazi. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na kila Idi ilipokaribia, vitambaa vya wateja vilijaa hadi kitandani kwake.

Ramadhani moja nikaona cherehani yake ikipakiwa kwenye mkokoteni. Sikuuliza. Nilifika bombani nikatangaza, "Fundi anahama."

"We! Na kitambaa changu?" mama mmoja akaruka.

"Kimbia, shoga! Idi utavaa gunia."

Adhuhuri baraza lilijaa wateja. Fundi alisimama katikati yao, tepu shingoni. "Jamani, imeenda kutengenezwa tu!" Hawakumsikiliza. Waliondoka na vitambaa vyao, vingine vimeshakatwa mikono. Alasiri cherehani ilirudi nzima, na hakukuwa na cha kushona.

Nilimweleza bibi yote, akanisikiliza hadi mwisho. "Viwanda kufungwa ni uvumi, mji mzima unaubeba," alisema. "Ulichosema wewe ni umbea. Una mtu ndani yake, na mtu mwenyewe yuko hapo nje. Nenda."

Nikaenda. "Shikamoo, fundi. Ni mimi niliyesema unahama."

"Marahaba." Alinitazama sana. "Sasa ulishindwa nini kuniuliza? Si ningekwambia!"

Idi ile aliipokea akitia viraka mashuka.

Baadaye, nikijifundisha Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada, niliona Waingereza nao wametenga maneno mawili, moja la uvumi na moja la umbea. Nilikariri maana zake kwa hofu ya kukosea. Kumbe tofauti niliijua tayari: nilishaiona imesimama barazani, tepu shingoni.

Alipohama kweli, miaka kadhaa baadaye, mitumba ikiwa imemshinda, aliniambia mimi kwanza. Sikumwambia mtu.

Barazani pale sasa wanauza makava ya simu. Bomba limeng'olewa, bibi hayupo. Mimi siku hizi nauliza kwanza.